Mwongozo kamili: jinsi ya kusimulia stori ya noppera-bō, mzuka wa Japani asiye na uso, mpaka waliokaa nyuma wasogee mbele

Stori ya noppera-bō ni fupi sana, ukiisimulia harakaharaka inaisha ndani ya dakika 2 na watu wanabaki wanakuangalia, enhe, alafu? Ndo maana wengi wanaichukulia kama kistori cha watoto. Ila ukiijua ilivyosukwa na ukaipa dakika zake 10 hadi 15, hutapata stori ya kutisha iliyotulia kama hii, na haina tone la damu, haina maiti, hakuna hata anaekufa. Kwa ninavyoielewa mimi, kazi kubwa humu inafanywa na taa. Msikilizaji anatakiwa aione taa kwa mbali, ashushe pumzi, aamini kabisa kwamba yamekwisha, ndipo umnyang'anye hiyo taa. Ukilishika hilo, hatua zote zilizobaki ni za kulilinda.

Hatua ya 1: Mjue huyo unaemsimulia

Ukimuona kwa nyuma noppera-bō ni binadamu kabisa, nywele zimetengenezwa, nguo nzuri, mabega yanatikisika kama mtu anaelia. Mara nyingi ni mwanamke, yuko peke yake, usiku, mahali pasipo na nyumba. Ukimsogelea anageuka, anajipangusa uso kwa kiganja, na pale palipotakiwa kuwa na macho, pua na mdomo pamebaki ngozi tupu. Basi. Hapigi, hang'ati, hakimbizi mtu. Kazi yake ni kutisha tu.

Wajapani wa zamani walisema kiumbe huyu mara nyingi ni mnyama aliyejigeuza: mbweha, au tanuki ambae ni mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, au mujina ambae anafanana fanana na nyegere. Hili usilipite juujuu, maana linakuzuia kufanya kosa ambalo wasimuliaji wengi wanalifanya, la kumtungia yule mwanamke historia, eti aliuawa na mumewe, eti alizama majini na sasa anatafuta haki. Hao wapo Japani, wanaitwa yūrei, ni roho za watu waliokufa na vinyongo vyao, na wana stori zao. Noppera-bō hana kinyongo na mtu. Hakuchagui wewe kwasababu ulikosea kitu, umepita tu. Ukimpa sababu ya kutisha umemfanya aeleweke, na akishaeleweka msikilizaji anatulia.

Akitokea mjuaji kwenye kikao akakuuliza kuhusu nuppeppō, huyo ni mwingine, ni bonge la nyama lenye mikunjo linalotembea, Toriyama Sekien alimchora kwenye kitabu chake cha picha cha mwaka 1776. Na kuna ohaguro-bettari, yeye amevaa kama bibi harusi, hana macho wala pua ila ana mdomo mpana wenye meno yaliyopakwa rangi nyeusi, yupo kwenye kitabu cha mwaka 1841. Wajibu kwa kifupi ukiombwa, ila usiwaingize kwenye stori, hii stori haibebi viumbe watatu.

Hatua ya 2: Chagua toleo moja ukae nalo

Kuna mengi lakini matatu ndo yatakufaa.

La kwanza ni la Akasaka, Tokyo, mfanyabiashara mzee na muuza tambi. Ndo maarufu kuliko yote duniani kwasababu mwandishi Lafcadio Hearn aliliandika kwa Kiingereza kwenye kitabu chake cha Kwaidan mwaka 1904. Hearn alizaliwa 1850 kisiwa cha Lefkada, Ugiriki, akafika Japani 1890, akaoa huko, akawa raia kwa jina la Koizumi Yakumo na akafia Tokyo mwaka uleule wa 1904.

La pili ni la mvuvi mvivu anaeamua kwenda kuvua kwenye bwawa la samaki wa kifalme karibu na Heian-kyō, ambayo ndo Kyoto ya leo. Mkewe anamkataza, pale ni patakatifu, haendi mtu. Haskii. Njiani anakutana na mvuvi mwingine anamwambia hivyohivyo. Haskii tena. Akiwa bwawani anakuja msichana mzuri anamsihi asivue, akakaidi, msichana akajipangusa uso ukatoka wote. Jamaa mbio mpaka nyumbani, anamkuta mkewe anamwambia nilikukataza au sikukukataza, na mke nae anajipangusa uso wake. Toleo hili lina ukatili wake, maana linamfuata mtu mpaka ndani kwake, kwahiyo liweke kwa watu wazima na walioshasikia lile la Akasaka.

La tatu ni la Honolulu. Wajapani walianza kwenda Hawaii kwa wingi kulima miwa kuanzia 1885 na mizuka yao wakaenda nayo, kule wanamuita mujina moja kwa moja. Inasimuliwa kuwa mwaka 1959 kwenye sinema ya wazi ya Waialae, ile ya kuangalia ukiwa ndani ya gari, msichana aliingia choo cha wanawake akamkuta mwanamke anachana nywele mbele ya kioo, akasogea, na kwenye kioo hakukuwa na uso. Watu wa mjini wanalipenda hili kwasababu choo cha umma kila mtu anakijua. Ila mtisho wake ni mmoja tu, hauna ule mwendo wa kutoroka alafu ukakutana nao tena, kwahiyo kwangu mimi ni dogo kuliko hayo mengine mawili.

Anza na la Akasaka. Hatua zinazofuata zote ni zake.

Hatua ya 3: Ujue ule mlima kama unakaa pale

Huwezi kumtembeza msikilizaji gizani mahali ambapo wewe mwenyewe hujui pakoje. Mlima unaitwa Kinokuni-zaka, uko Akasaka, umepata jina kwasababu ukoo wa Tokugawa wa jimbo la Kii ulikuwa na makazi yake pale. Upande mmoja kuna handaki la maji, pana na lenye kina, lililochimbwa kuilinda ngome ya Edo, ambayo ndo Tokyo ya leo, kingo zake zina majani na zimesimama. Upande wa pili ni kuta ndefu za makazi ya kifalme, hakuna mlango wa kugonga wala dirisha la kumuita mtu. Yaani ukiwa katikati ya ule mlima una njia mbili tu, mbele au nyuma. Kabla ya taa za barabarani, watu waliochelewa walikuwa tayari kuzunguka mbali kweli ili mradi wasiupande peke yao baada ya jua kuzama.

Leo pale pana barabara kubwa ya magari, ukishuka kituo cha treni cha Akasaka-mitsuke unatembea kwa mguu unafika, lile handaki, pale linaitwa Benkei, bado lina maji yake, na ndani ya zile kuta kuna jumba la kupokelea wageni wa serikali lililokamilika 1909. Ila kwenye stori ondoa vyote hivyo. Bakiza maji kushoto, ukuta kulia, giza katikati. Mimi huwa naamua kabisa mkono wangu upi ni maji na upi ni ukuta na sibadilishi mpaka mwisho, kwasababu wasikilizaji wanafuata mikono yako hata kama hawajui kwamba wanaifuata.

Hatua ya 4: Weka kitabu chini

Stori nyingi Hearn alizipata kwa mkewe, Koizumi Setsu. Baadae Setsu alieleza kwamba jioni zilizopooza alikuwa anapunguza utambi wa taa makusudi alafu anaanza kumsimulia mumewe mambo ya mizuka, na Hearn hakutaka kabisa asomewe kitabuni, alitaka maneno ya Setsu mwenyewe, sentensi zake, mawazo yake. Huo ndo ushauri bora kuliko wote ninaoweza kukupa na umetoka nyumbani kwa Hearn mwenyewe. Soma toleo lolote, funga, isimulie kwa sauti ukiwa peke yako mpaka usitafute neno. Simu pia iweke chini, maana mwanga wa skrini ukikupiga usoni umeshaua kila kitu.

Cha kukariri ni vitu vichache tu na visibadilike: mwanamke hajibu neno hata moja, mzee hasemi alichokiona, mkono unapita usoni kwa namna ileile mara mbili, taa inazimika. Mengine yote seti kwa maneno yako.

Hatua ya 5: Chumba, saa na taa

Japani stori za mizuka ni mambo ya kiangazi, hasa karibu na sikukuu ya Obon wanapoaminiwa wafu kurudi kutembelea nyumbani, na watu wanasema kabisa kwamba baridi ya woga inakupunguzia joto. Wakati wa Edo kulikuwa na mchezo wa stori 100 unaoitwa hyakumonogatari kaidankai, walikuwa wanawasha nyuzi 100 za utambi kwenye taa ya karatasi ya bluu, stori moja ikiisha utambi mmoja unatolewa, chumba kinazidi kuwa kizito, na iliaminika utambi wa mwisho ukitolewa kitu chenyewe kinatokea. Ndo maana wengi waliishia ya 99. Utaratibu huo umeandikwa tangu 1666.

Wewe hauhitaji taa 100, unahitaji moja. Iwe ndogo, iwe mbele yako chini kidogo ya usawa wa uso, na iwe unaweza kuizima kwa kidole kimoja bila kuinama wala kuipapasa, kwahiyo taa ndogo ya betri ni nzuri kuliko mshumaa. Mshumaa unapendeza ila lazima upulize, na ukipuliza wanakuona unajiandaa, alafu kuna mapazia, kuna watoto wanarukaruka. Kama umeme umekatika usiku huo, ni wakati wako. Zima feni kama inapiga kelele, sogeza watu karibu wakae nusu duara, mtu asikae nyuma yako. Saa ya Wajapani ya mizuka ni ile ya ng'ombe, saa nane usiku kuelekea nane na nusu, lakini ukisubiri mpaka hapo utawasimulia waliolala, saa tatu au nne inatosha.

Mlango usifungwe na ufunguo. Wenye watoto wadogo waulize wazazi wao kwanza, na akiwepo mtu aliyeshtuliwa vibaya siku za karibuni, msiba, kuvamiwa njiani, simulia stori nyingine.

Hatua ya 6: Anza bila kuanza

Usifungue kwa paukwa pakawa. Naipenda kuliko ninavyoweza kueleza na kwa stori nyingi ndo mlango sahihi, ila inawaambia wasikilizaji kuwa sasa tunaingia kwenye michezo, sungura ataongea, zimwi litameza kijiji, na mwisho wa yote tutarudi salama. Stori hii inatakiwa iingie kama habari. Hearn mwenyewe anaifungua kwa kueleza mlima ulipo, na anasema mtu wa mwisho kumuona yule kiumbe alikuwa mfanyabiashara mzee wa mtaa wa Kyōbashi aliyekwishafariki, na yanayofuata ni kama alivyoyasimulia yeye. Fanya hivyo. Sauti ya kawaida kabisa, kama unamuelekeza mtu njia. "Tokyo kuna mlima unaitwa Kinokuni. Huku maji, huku ukuta." Kaa kimya kidogo. Endelea.

Hatua ya 7: Mwanamke kando ya maji

Mzee anapanda haraka, usiku umeingia, anamuona mwanamke amechuchumaa ukingoni mwa handaki analia. Mzee ni mtu mzuri na hilo lazima lisikike, anaogopa binti atajitupa majini. Binti amevaa vizuri, nywele zimesukwa kama za msichana wa nyumba ya heshima. Mzee anasogea.

"Binti. Binti mwanangu, usilie hivyo. Niambie una shida gani, kama ninaweza kukusaidia nitakusaidia."

Hajibu. Analia tu, uso kaufunika kwa mkono mpana wa kimono.

"Binti nakusihi, hapa sio mahali pa msichana kukaa usiku huu. Nisikilize."

Anasimama taratibu, amempa mgongo, bado analia. Mzee anamuwekea mkono begani kidogo tu.

"Binti. Nisikilize kidogo tu. Binti."

Hapa ndo pa kupunguza mwendo. Kila mara mzee anapoita sauti yako ishuke, isipande. Wasikilizaji watainama mbele, waache wainame. Alafu binti anageuka, anashusha ule mkono wa kimono, na wewe unainua kiganja chako, unakipitisha usoni kwako kuanzia paji mpaka kidevuni, polepole, bila neno. Kiganja kikifika chini ndipo useme: macho hakuna, pua hakuna, mdomo hakuna. Useme mara moja. Usipige kelele! Ukipiga kelele hapa umetumia baruti yote na stori iko nusu.

Hatua ya 8: Mbio, na ile taa

Mzee anapiga ukelele, anakimbia. Badilisha spidi ghafla, sentensi ziungane bila nukta, anakimbia anakimbia mlima giza hakuna mtu mbele hakuna mtu nyuma hathubutu kugeuka, mpaka mbele huko anaona kadoa ka mwanga. Hapo punguza. Mwanga unakua. Ni kandili. Ni kandili ya muuza soba, yaani yule muuza tambi, ameweka mizigo yake kando ya barabara.

Hapa wasimuliaji wengi wanapita mbio kwasababu wana hamu ya kufika kwenye mshtuko, na hapa ndo stori inapoishi. Kaa kwa muuza soba. Wauza soba wa usiku wa Edo walibeba duka zima kwenye mzega, kasha mbele na kasha nyuma, kuna jiko la mkaa, kuna maji, kuna mabakuli, na wengi walining'iniza kikengele kidogo cha upepo kinachowaambia watu kwamba wamefika. Bakuli moja lilikuwa mon 16, mon ni sarafu ya wakati huo, na ni chakula cha watu wa kawaida, vibarua na walinzi wa usiku. Waambie mvuke ulivyokuwa unapanda, harufu ya mchuzi, joto la mkaa kwenye miguu ya mzee aliyekuwa anatetemeka. Wasimuliaji wa rakugo, sanaa ya Japani ya kusimulia stori jukwaani, wanakaa wamepiga magoti na kipepeo cha kujipepea na kitambaa cha mkononi tu, na kwa hicho kipepeo wanakuonyesha mtu anavyovuta tambi mpaka unasikia njaa, na wakitaka kubadilisha mhusika wanageuza kichwa kidogo, kushoto mmoja, kulia mwingine. Chukua hilo la kichwa. Mzee aangalie kulia juu, muuza soba aangalie kushoto chini kwenye sufuria yake, wala asimtazame mzee.

Muuza soba ni mkavu, amechoka, hana muda.

"Vipi wewe, umepatwa na nini? Kuna mtu kakupiga?"

"Hapana, hakuna aliyenipiga, ila... aa... aa..."

"Kakutisha tu? Majambazi?"

"Sio majambazi, sio majambazi. Nimeona... pale kwenye maji nimemuona mwanamke, akanionyesha... aa, siwezi kukwambia alichonionyesha."

Simama hapo uangalie kilichotokea. Mzee hajasema. Hajataja uso, hajataja macho, muuza soba hajaambiwa kitu chochote. Ukikosea ukamfanya mzee aeleze kila kitu, jibu linalofuata linakuwa utani wa mtu aliyesikia stori. Asipoeleza, jibu linamaanisha kwamba huyu alikuwa anajua tangu mwanzo. Wataalamu wa ngano za Japani wana jina kabisa la mtindo huu wa kutishwa mara mbili, saido no kai, na umetumika kwenye stori nyingi, ila sijaona mahali unapofanya kazi vizuri kama kwenye sentensi hii ambayo mzee alishindwa kuimaliza.

Hatua ya 9: Mkono wa pili

Muuza soba bado anaangalia sufuria. Sauti yake ni ileile kavu, usiifanye ya kijini.

"Enhee. Alichokuonyesha, kilikuwa kama HIKI?"

Na unainua kichwa, unawaangalia wasikilizaji wako kwa mara ya kwanza tangu umefika kwa muuza soba, unapitisha kiganja usoni kwako vilevile ulivyofanya kwa yule binti, mkono uleule, spidi ileile. Hearn anasema uso ule ukawa kama yai, na palepale taa ikazimika. Mimi neno yai nalisema wakati kiganja kiko kidevuni, na kidole cha mkono wa pili kinabonyeza swichi. Ukichelewesha taa hata kwa sekunde 1 watacheka, wana haki ya kucheka, kwahiyo fanya mazoezi ya mikono miwili kuliko ya maneno.

Baada ya taa usiseme kitu. Hakuna "na mpaka leo", hakuna mzee aliokotwa asubuhi, hakuna kueleza kwamba kumbe alikuwa mujina. Hesabu polepole mpaka 10 kimoyomoyo gizani. Mtu atacheka kwa woga, mtu atamshika mwenzie, mtoto atasema washa. Washa.

Hatua ya 10: Maswali yatakayokuja

Wataanza na mzee alikufa? Hakufa, ndo yeye aliyeisimulia. Muuza soba na yule binti ni mmoja au wawili? Stori haisemi, warudishie swali lao wabishane, ubishi huo ni mtamu na utakupa muda wa kunywa maji. Yupo kweli? Kwa mtoto aliyeogopa jibu lake ni kwamba huyu ni kiumbe wa ngano za watu wa Japani na hata kwenye ngano hajawahi kumgusa mtu, alafu mruhusu ashike ile taa, aizime na kuiwasha mwenyewe mara kadhaa.

Wakikuomba nyingine usiku huohuo na waliobaki ni watu wazima, ya bwawa inakaa vizuri baada ya hii, kwasababu wameshajua kwamba anakuja mara mbili, na kwenye ya bwawa watamsubiri kwa yule mvuvi wa njiani, ambae uso wake ni mzima kabisa.